Kung'atuka malipo yakiwa bado yapo

Januari 2011, mchezaji wa besiboli wa Marekani, Gil Meche, alitangaza kuacha kazi akiwa na umri wa miaka 32. Mkataba wake na klabu ya Kansas City Royals ulikuwa umebakiza mwaka mmoja, na mwaka huo peke yake ulikuwa na malipo ya Dola za Marekani milioni 12, karibu Sh bilioni 18 kwa thamani ya wakati ule. Fedha hizo zilikuwa halali yake. Katika mchezo huo mkataba hulindwa, na mchezaji anayeumia akiwa kazini huendelea kulipwa hata kama hatarusha mpira tena. Meche alikuwa mgonjwa wa bega. Angeweza kuripoti kambini, akafanyiwa upasuaji, kisha akakaa mwaka mzima akitibiwa huku mshahara unaingia. Anayepoteza malipo ni yule anayestaafu kwa hiari yake, na yeye ndivyo alivyofanya. Alichoeleza ni kwamba hakuona sawa kulipwa fedha nyingi kiasi hicho kwa kazi asiyoweza kuifanya.

Habari kama hii ikisimuliwa katika mashine ya kukamua alizeti pale Mandewa, mjini Singida, wengi watacheka na kusema mzungu huyo ana wazimu. Ni nani anayeiona Sh bilioni 18 ni yake, akaigeuzia kisogo? Cheko hilo lina haki yake, kwa sababu mtu ambaye hajui watoto watakula nini mwezi ujao hana nafasi ya kukataa malipo. Lakini baada ya kucheka liko swali linalomhusu mkulima na mchuuzi wa Mandewa kuliko linavyomhusu tajiri wa Kansas. Mtu anayetegemea nguvu za mwili wake aache lini, na akishaacha ale nini?

Meche si wa kwanza wala wa mwisho. Besiboli ni mchezo wa mpira mdogo mgumu ambao mmoja huurusha kwa kasi na mwingine huupiga kwa gongo. Mrushaji ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu mkono wa binadamu haukuumbwa kurusha kitu kwa nguvu ile mara mia kwa siku, mwaka baada ya mwaka. Sandy Koufax wa Los Angeles Dodgers alikuwa mrushaji bora kuliko wote wa wakati wake. Mwaka 1966 alishinda michezo 27, na malipo yake yalikuwa Dola 125,000, kiwango kikubwa mno kwa miaka ile. Kiwiko chake kilikuwa na ugonjwa wa viungo. Alikuwa akichomwa sindano na kumeza dawa ili aweze kucheza, na baada ya mchezo mkono huo uliingizwa kwenye ndoo ya barafu. Novemba mwaka huo huo, akiwa na miaka 30 na klabu ikimhitaji, aliaga. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: bado alikuwa na miaka mingi ya kuishi, na alitaka kuishi akiwa na mkono unaofanya kazi.

Mwingine ni Adam LaRoche wa Chicago White Sox. Machi 2016 aliacha Dola milioni 13 baada ya uongozi kumtaka apunguze kumleta mtoto wake wa kiume wa miaka 14 kwenye chumba cha wachezaji. Wapo waliomlaumu kwa hilo, na kwa kweli ni waajiri wachache duniani wanaoruhusu mtoto ashinde kazini na baba yake kila siku. Lakini LaRoche alikuwa na mahali pa kwenda. Familia yake ilikuwa na shamba la ng'ombe wa nyama katika jimbo la Kansas, na huko ndiko alikoelekea.

Buster Posey wa San Francisco Giants naye aliaga Novemba 2021 akiwa na miaka 34. Alikuwa mdakaji, yaani yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji mchezo mzima, na magoti na mgongo wake vilikuwa vimelipa gharama yake. Klabu ingeweza kumlipa Dola milioni 22 kwa mwaka uliofuata, na alikuwa ametoka kwenye msimu mzuri. Alichagua familia. Kilichofuata ndicho cha kutazamwa na mfanyabiashara: mwaka 2022 alinunua hisa na kuwa mmoja wa wamiliki wa klabu ile ile, na mwaka 2024 akakabidhiwa kuongoza shughuli zake zote za mchezo. Aliacha kuuza nguvu za magoti akaenda kukaa upande wa wenye mali.

Ni makosa kuzisoma habari hizi kama hadithi za watu wenye roho nzuri tu. Watu hao waliweza kusema basi kwa sababu chini yao palikuwa na sakafu. Wachezaji wa ligi hiyo kuu walianzishiwa pensheni mwaka 1947. Mwaka 1966, ule ule aliostaafu Koufax, chama chao kilimwajiri Marvin Miller, mchumi aliyetoka katika chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma, na jambo lililowagusa wachezaji kuliko yote lilikuwa mafao ya uzeeni. Aprili 1972 waligoma kwa siku 13. Watu wengi hudhani mgomo wa wachezaji ni wa mishahara. Ule ulikuwa wa michango ya pensheni na bima ya afya. Tangu mwaka 1980 mchezaji aliyetimiza siku 43 tu katika ligi hiyo ana haki ya kulipwa pensheni kidogo uzeeni, na anayetimiza miaka 10 hupata kamili. Meche alipokataa Dola milioni 12, nyuma yake kulikuwa na malipo ya miaka minne iliyotangulia ya mkataba wa jumla ya Dola milioni 55, na mbele yake pensheni. Alikataa ziada. Ugali wake ulikuwa umeshafunikwa kwenye sahani.

Aliyeko katika madaraja ya chini ya mchezo huo hana hadithi ya kuacha mamilioni. Kwa miaka mingi vijana wa ligi ndogo walilipwa ujira duni, wakalala wengi chumba kimoja, na hawakuwa na chama cha kuwatetea mpaka mwaka 2022. Hao huacha mchezo kwa kuachwa.

Kiswahili cha Tanzania kina neno ambalo linatofautisha mambo haya vizuri kuliko lugha nyingi. Kustaafu ni kufikia kikomo kilichowekwa. Kung'atuka ni kuondoka mwenyewe kwa hiari ungali na uwezo wa kubaki. Neno hilo lilitoka katika Kizanaki, na Mwalimu Julius Nyerere ndiye aliyelifanya liwe la taifa alipoacha urais mwaka 1985. Linalosahaulika ni namna alivyoondoka. Hakuacha kila kitu kwa siku moja. Urais aliuacha Novemba 1985, lakini uenyekiti wa CCM aliendelea nao hadi mwaka 1990. Na alipokwenda Butiama alikuwa na shamba la kulima.

Hata hivyo watoto wa nchi hii hulelewa zaidi kwa hadithi ya kutokukata tamaa. Oktoba 20, 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico, John Stephen Akhwari alianguka katika mbio za marathoni, goti likateguka, lakini akachechemea hadi mwisho, wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza, giza likiwa limeingia na watazamaji wengi wameshaondoka. Sifa yake imeenea dunia nzima na anaistahili. Lakini ile ilikuwa mbio ya siku moja. Akhwari hakuchechemea maisha yake yote. Alirudi nyumbani Mbulu akawa mkulima. Shida inakuja pale moyo wa siku moja unapogeuzwa kuwa utaratibu wa miaka 30, na mtu anachechemea kila asubuhi kwenda kubeba magunia.

Mandewa ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa sababu ni kata ya Manispaa ya Singida ambako mji na shamba vinakaribiana. Yule anayelima alizeti ndiye huyo huyo mwenye genge, na mtoto wake ndiye dereva wa bodaboda. Karibu kila kipato hapo kinategemea mwili. Mbeba mizigo hupanga magunia ya lumbesa kwenye fuso, na lumbesa, pamoja na kumpunja mkulima, humvunja mgongo anayeibeba. Wapo wanaoponda kokoto kwenye mawe ambayo Singida imejaliwa kuwa nayo kila upande. Mchuuzi wa kuku husafiri usiku kucha na matenga yake kwenda Dar es Salaam, anauza alfajiri, anarudi usiku unaofuata. Mama wa vitunguu huinama kutwa. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye mkataba unaosema kwamba akiumia bega atalipwa.

Wala hakuna anayeulizwa ataacha lini. Kwa aliyeajiriwa, sheria imejibu: miaka 55 kwa hiari, 60 kwa lazima. Kwa aliyeajiriwa pia nchi imebishana sana. Mwaka 2018 kikokotoo cha mafao kilizua malalamiko hadi Rais John Magufuli akakisimamisha Desemba mwaka huo. Mwaka 2022 kikaja kipya chenye mkupuo wa asilimia 33, na mwaka 2024 Serikali ikatangaza kuupandisha hadi asilimia 40. Huo ulikuwa mjadala wa haki. Lakini mkulima na mchuuzi waliusikiliza redioni kama mechi ya timu za nchi nyingine, kwa kuwa hawakuwa na asilimia yoyote ya kugombea.

Kinachotokea ni kwamba mtu wa Mandewa huacha kazi pale mwili unapokataa, au pale mtaji unapokatika. Zote mbili ni njia mbaya za kustaafu. Anayeangushwa na mgongo huuza ng'ombe kwa bei ya shida ili apate matibabu. Anayeangushwa na bei huondoka na deni. Wakulima wa alizeti wanaukumbuka mwaka 2023, bei ilivyoporomoka baada ya watu kuhamasishwa kulima kwa wingi, na mjadala wa ushuru wa mafuta ya kula kutoka nje ukafika bungeni. Aliyekuwa amepanga kwamba mavuno ya mwaka ule ndiyo ya mwisho, kwamba angeuza, akajenga na kupumzika, alijikuta anarudi shambani na jembe lile lile akiwa ameongeza mwaka mmoja wa umri. Mpango wa kuacha unaotegemea msimu mmoja mzuri haufai katika mkoa ambao mvua zake hazina ahadi.

Hapo ndipo hesabu inapotakiwa kuanza mapema, mtu angali na miaka 40, na si anapofika 60. Chukulia mfano wa mchuuzi wa kuku ambaye nyumba yake hutumia Sh 250,000 kwa mwezi kwa chakula, ada, dawa na michango ya misiba. Hiyo ni Sh milioni 3 kwa mwaka. Ndiyo namba yake ya kutosha, na wengi hawajawahi kuiandika popote. Akiwa na vyumba vinne vya kupangisha kwa Sh 30,000 kila kimoja, amepata Sh 120,000 kwa mwezi, si mbali na nusu ya mahitaji. Zinabaki Sh 130,000, ambazo kwa mwaka ni Sh 1,560,000. Kwa bei ya Sh 80,000 kwa mbuzi, anahitaji kuuza mbuzi 20 kwa mwaka. Ili auze mbuzi 20 bila kula mbegu, kwa ukame na maradhi yaliyopo, anahitaji majike wapatao 30, banda, dawa za minyoo na mtu wa kuwachunga. Bei zinaweza kubadilika na vyumba vinaweza kukaa wazi miezi kadhaa, kwa hiyo mwenye busara ataongeza kidogo juu yake. Lakini sasa ana kitu cha kulenga. Kila safari ya Dar es Salaam anajua imemletea mbuzi wangapi au tofali ngapi, na siku vyumba na zizi vitakapotimia, safari inayofuata itakuwa ni ziada. Ndipo anaweza kuikataa kama Meche alivyoikataa yake.

Bila namba hiyo hakuna siku ya kutosha. Biashara hukua, matumizi hukua nayo, na mtu wa miaka 58 bado analala juu ya matenga ya kuku kwa sababu tu amezoea.

Wapo watakaosema kwamba mkulima hastaafu, kwamba mzee akiacha jembe anakufa haraka. Kuna ukweli ndani yake. Mzee anayekaa kutwa barazani bila shughuli huzeeka vibaya. Lakini kuacha kubeba gunia hakumaanishi kuacha kufanya kazi. Mzee anayejua alizeti kwa kuitazama, anayeweza kumwambia kijana kwamba mbegu hii haijakauka na itaharibu mafuta, ana thamani kubwa mashineni bila kuinua kitu chochote. Mwenye miaka 25 ya kununua vitunguu anajua ni mkulima gani huweka vizuri juu na vibovu chini. Ujuzi huo ndio hisa za Posey. Unauzika, lakini kwa mtu aliyejiandaa kuuza, na unafundishika wakati mwenyewe angali ana nguvu za kufundisha.

Hapa lipo tatizo ambalo familia nyingi hazipendi kulizungumza. Biashara kubwa kubwa za Mandewa na mji wa Singida kwa jumla ziko kichwani mwa mtu mmoja. Nani anadaiwa, nani ameweka mbegu zake ghalani, ni kiwanja gani kimelipiwa nusu, shamba lipi liliuzwa kwa maneno mbele ya mashahidi ambao wawili wameshafariki. Daftari la madeni limeandikwa kwa alama anazozijua mwenyewe. Akianguka ghafla, mjane na watoto hupokea wadai wakiwa wengi na wadaiwa hawaonekani. Anayeng'atuka mapema, hatua kwa hatua, humkabidhi mwanaye au mkewe daftari hilo akiwa bado yupo wa kuulizwa. Msimu wa kwanza kijana anunue yeye, mzee akague. Msimu wa pili kijana aende na mzigo sokoni peke yake. Akipata hasara, iwe hasara ndogo mbele ya mtu anayeweza kumweleza alipokosea. Wazazi wengi huogopa kwamba kijana atafuja mali, na wengine wameona ikitokea. Lakini kijana aliyekabidhiwa kila kitu siku ya matanga hana mtu wa kumkagua kabisa.

Upo pia mtego wa upande wa pili, ambao watumishi wa umma wanaujua. Mtu anafika miaka 60, anapokea mkupuo ambao hajawahi kuushika maishani, na ndani ya miezi michache amenunua daladala iliyochoka au amelima ekari 50 za alizeti kwa simu, akiwa Dar es Salaam, kwa kuambiwa kwamba Singida kuna fedha. Mwaka wa pili anaomba nauli. Huyo alistaafu kazi moja akaingia nyingine asiyoijua, kwa mtaji wake wote, bila mwaka hata mmoja wa majaribio. Wachezaji wa Marekani nao wamo katika kundi hilo. Si wachache waliolipwa mamilioni wakaishia kufilisika.

Na kuacha si lazima kuwe kwa moja kwa moja. Ryne Sandberg wa Chicago Cubs aliacha katikati ya msimu wa mwaka 1994, akitoa mkononi karibu Dola milioni 16. Mwaka 1996 alirudi uwanjani, akacheza misimu miwili, kisha akaaga tena. Aliweza kurudi kwa sababu aliondoka vizuri, bila ugomvi na klabu. Mfanyabiashara anayefunga duka kwa kugombana na kila msambazaji amejifungia na mlango wa nyuma.

Haya yote hayaondoi wajibu wa wenye mamlaka. Mfuko wa NSSF unapokea michango ya hiari ya watu waliojiajiri, wakiwamo wakulima, lakini mkulima huvuna mara moja kwa mwaka na hana mshahara wa kukatwa kila mwezi. Michango inayomfaa ni ile inayokusanywa wakati wa mavuno, mahali anapouzia, kupitia chama chake cha msingi au SACCOS, na kwa lugha ya magunia. Akielezwa kwamba gunia moja kati ya kumi ni la uzee wake, ataelewa haraka kuliko akipewa kipeperushi cha asilimia. Viongozi wa vyama hivyo nao wana kazi ya kurudisha imani, kwa kuwa mahali pengi wanachama wameshuhudia fedha zao zikipotea na hakuna aliyewajibika. Wachezaji wa besiboli walikubali kugoma siku 13 kwa ajili ya mfuko wao kwa sababu waliamini ungekuwapo watakapouhitaji.

Alizeti ya Singida huvunwa kuanzia Mei na Juni. Ndiyo miezi ambayo magunia yanahesabika, madeni ya pembejeo yanalipwa, na mzee na mwanaye wanakaa pamoja kupanga kiasi cha kuuza na kiasi cha kuweka. Swali la umri likiulizwa wakati huo, magunia yakiwa yamepangwa ukutani, litajibika kwa namba. Likisubiri Februari, ghala likiwa tupu na mafundi wa mashine wanadai, atakayeulizwa atasema bado ana nguvu.